Sura ya Atosha

Mdomo wangu haujui kupumzika, na wapangaji wenzangu hapa La Rochelle, Johannesburg, wote wanalijua hilo. Mimi mtu wa Tanga bwana, nikilala na neno kifuani siamki vizuri. Lakini hili la Mama Arlène nililikalia kimya mpaka likanitia kiungulia. Nalisema sasa kwa sababu limeshaanikwa, na huko kanisani kwao kila mtu analisimulia kwa chumvi yake. Bora mlisikie kwangu mimi Tabia, Mama Bakiri, niliyekuwepo.

Mama Arlène jina lake Léocadie, Mkongomani wa Mambasa, huko Ituri. Tunapanga nyumba moja, mimi chumba cha mbele, yeye na mumewe na binti yao vyumba viwili vya nyuma. Mwanamke mfupi, mchapakazi, anasuka nywele Hillbrow. Na kusuka anajua! Vidole vyake vinakwenda vyenyewe huku mdomo unaongea mengine, mistari inapinda kichwani, inakatika, inaanzia kwingine, na wasichana wa Kizulu wanamngoja kibarazani hata mvua ikinyesha. Ila ni mtu wa wasiwasi, jamani! Ukimgongea mlango anauliza "nani?", ukijibu anauliza tena. Mtu akimtaja tu Mambasa mbele yake, yeye anakumbuka ameacha maji motoni jikoni. Nilidhani ni woga wa vibali, woga wetu sote, nikamsamehe.

Mumewe Firmin ni fundi wa vigae, Mnande wa Butembo, mtu wa maneno machache mpaka kero. Binti yao Arlène alikuja nchi hii mgongoni mwa mama yake. Kiswahili anakisikia chote, lakini anakujibu Kiingereza, na ukimkemea anacheka. Mzuri, anajua, na meno yake ya mbele yana mwanya ambao vijana wa mtaa mzima wameukariri.

Mwaka 2018 huo Arlène akachumbiwa. Mchumba mwenyewe Ruphin, kijana mpole, mtoto wa Mamie. Sasa Mamie huyo, kama humjui, basi hujafika Hillbrow. Anauza nywele za bandia, anaongoza kwaya ya akina mama kanisani, na akiingia mahali viti vinasogea vyenyewe. Kwao naye ni Butembo. Mambo ya posa yalikwenda vizuri, wazee wakapokewa, nyama ikaliwa, harusi ikapangwa Desemba. Léocadie alilia kwa furaha siku ile. Aliniambia, "Mama Bakiri, mtoto wangu ataishi bila kuinamisha kichwa." Nikamwambia aache maneno ya msiba kwenye harusi.

Basi wakati huohuo Firmin alipata kazi kwenye jengo jipya pembeni ya Fordsburg, nyumba ya sanaa na maonyesho. Mimi nilikuwa nauza chai na chapati pale getini kwa mafundi, kwa hiyo jengo lile nimeliona likiota tangu shimo. Lilipofika kuvalishwa, wakalivalisha mabati mazito ya rangi ya kutu, yametobolewa michoro, jua likipita linaandika ukutani kwa ndani. Kila upande una watu wake. Upande mmoja michoro ya Wasani wa Kalahari, mwingine ile ya kuta za Wasotho, na mbele kabisa, panapopigwa picha, michoro ya Wambuti wa msitu wa Ituri, ile wanayochora wanawake juu ya gome la mti lililopondwa mpaka likawa laini kama shuka. Mistari mitupu, na nukta, na vijinjia vinavyoanza kwa nguvu halafu vinaacha bati tupu. Mimi mwanzoni nilidhani fundi amechoka kabla hajamaliza.

Mamie alipita pale siku moja akienda kununua vitambaa Fordsburg, akaambiwa na mafundi kwamba michoro ya mbele imetoka Kongo. Weee! Alikuja kwetu jioni ileile hata hajakaa.

"Mkwe wangu, umeona? Vitu vya kwetu! Hapa Joburg, kwenye jengo la wakubwa! Picha za kadi za harusi tutapigia pale, na mtu asinibishie."

Akaenda kutafuta na kitenge chenye mistari inayofanana na ile, akawanunulisha wanakwaya wote. Léocadie akasema ni vizuri. Akainuka kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Jengo likawa linakaribia kwisha. Jioni moja Firmin akarudi kutoka kazini, hakunisalimu, hakuvua hata viatu vyake vya saruji. Akaingia ndani moja kwa moja. Nikasikia anasema kitu kwa sauti ya chini, halafu sufuria ikaanguka. Nikaita, "Shemeji, kwema?" Akajibu, "Kwema," kwa sauti ya mtu ambaye si kwema.

Asubuhi Léocadie akaja chumbani kwangu, kavaa koti juu ya nguo ya kulalia.

"Mama Bakiri, leo utanipeleka pale kwa ile jengo."

"Mumeo yuko palepale kila siku, si akupeleke yeye?"

"Yee anaogopa."

Tukaenda. Mlangoni pale, ndani, palikuwa na picha kubwa imeegemezwa ukutani, kunizidi mimi urefu, nusu bado imefungwa nailoni. Mwanamke ameketi nje ya kibanda cha majani, gome limetandazwa mapajani, kijiti mkononi. Ameinua uso anamcheka anayempiga picha, na meno yake ya mbele yamechongwa. Chini pameandikwa jina lake, Atosha, mchoraji, wa Mambasa. Mimi sikuhitaji kusoma. Ule ulikuwa uso wa Arlène. Paji lilelile, mashavu yaleyale, na ule mcheko wa kukudharau kidogo. Ungemketisha Arlène pale kibandani ungeapa ni yeye.

Léocadie hakuigusa. Aligeuka, akatoka, akaenda mpaka kwenye robot, taa za barabarani, akakaa chini ukingoni mwa barabara, magari yanapiga honi.

"Ni mama yangu," akasema. "Mi mtoto wa Mbuti, Mama Bakiri. Batu bote batajua."

Sasa mimi Tanga nilijua nini kuhusu Wambuti? Ikabidi anieleze palepale chini. Mama yake alikuwa mtu wa msituni, baba yake mtu wa kijijini, mkulima. Kwao mtu wa kijijini atanunua nyama na asali kwa Mbuti, atamlimisha shamba lake, hata mke ataoa, lakini sahani moja hali naye. Alikaa msituni na mama yake mpaka alipokuwa msichana wa kuteka maji, halafu shangazi upande wa baba akamchukua, akamvisha gauni, akamwambia kuanzia leo mama yako ni mimi. Firmin alijua, alimpenda hivyohivyo. Lakini ndugu zake wangemfukuza, kwa hiyo wakakubaliana kimya, mume na mke, na kimya kikavuka nao mipaka yote mpaka hapa. Arlène hajui kitu.

"Na Mamie akijua?" nikauliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Harusi iko wapi tena? Mamie anaweza kukubali damu ya Mbuti kwa nyumba yake? Atamrudisha mtoto wangu mbele ya kanisa mzima. Arlène anampenda Ruphin, Mama Bakiri. Anampenda kweli."

Nyie, niliogopa na mimi. Maana niliona wazi kabisa siku yenyewe itakavyokuwa: Arlène amesimama kwenye mlango ule na gauni lake, nyuma yake bibi yake mkubwa kama ukuta, nyuso mbili moja, na Mamie mbele yao na macho yake yale yasiyokosa kitu.

Wiki zilizofuata sizitamani. Léocadie akaacha kula. Kule Hillbrow akamsuka mteja upande mmoja, akasahau upande wa pili, akamwambia ameshamaliza. Simu ikilia anashtuka, Arlène akikohoa anashtuka. Akajaribu kumgeuza Mamie, mara pale pana vumbi, mara pana upepo, mara bustani ya Zoo Lake pana maua mazuri zaidi. Mamie akamtazama.

"Mkwe wangu, kwani wewe huoni fahari na vitu vya kwetu? Tumekaa nchi za watu tunaitwa majina mabaya, leo Mungu ametuinua ukutani, wewe unataka maua?"

Léocadie akacheka kicheko cha kukohoa. Mimi nikamwinukia Mamie, nikataka nimtolee la moyoni, Léocadie akanifinya paja mpaka nikakaa.

Siku hiyo ndipo nilipomtaja Najma. Najma ni mtoto wa Fordsburg hapohapo, anafanya kazi na msanifu wa lile jengo, yeye ndiye anayeshughulikia ile michoro na picha. Alikuwa mteja wangu, chapati mbili na achari kila asubuhi, na ni mwanamke mwenye adabu. Nikasema twende tukamwombe aitoe ile picha. Léocadie akaogopa hata hilo, kwa sababu kuomba ni kusema. Nikamwambia achague, aseme kwa mtu mmoja au Mamie asome mwenyewe.

Najma alitupokea kwenye chumba kilichojaa mabomba ya karatasi ya kuwekea ramani za majengo. Nilipomwambia huyu ni mtoto wa Atosha, akasimama, akaziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. Akamshika Léocadie mabegani. Akasema, na mimi nikawa natafsiri Kiingereza chake pale alipokwenda mbio, kwamba zamani wanaojenga walikuwa wanachukua michoro ya watu wa asili wanaibandika kwenye mahoteli na mabenki, hawasemi ya nani, eti ya Afrika tu. Wao wakasema safari hii hapana, kila ukuta uwe na uso wa mwenyewe na jina lake. Atosha walimpata kwa mgeni aliyenunua yale magome zamani na kumpiga picha, lakini familia yake hawakuipata.

"Na sasa umekuja mwenyewe," akasema. "Siku ya ufunguzi utakaa mbele. Utatuambia habari zake."

Léocadie alikuwa anaitazama sakafu muda wote.

"Mwambie atoe picha," akaniambia.

Nikamwambia. Najma hakuelewa. Nikaeleza tena, nikaeleza habari ya Arlène na Mamie na Desemba, na kila nilivyoeleza uso wa yule binti ulizidi kuporomoka. Akauliza kama pana njia nyingine. Akauliza kama aipeleke ndani kwenye kona. Léocadie akatikisa kichwa.

"Ni mama yako," Najma akasema mwishowe. "Ukisema atoke, atatoka. Na jina je?"

"Jina pia."

"Michoro itabaki haina mwenyewe."

"Ibaki."

Tulitoka pale, nikampongeza. Nilimwambia sasa lala usingizi, kula, harusi ipo. Njia nzima vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya mkoba wake, vinachora chora, na nilipovitazama akavificha kwapani.

Jumamosi ya picha ikafika, jua safi. Mamie na wanakwaya wake wamewaka vitenge, Arlène na gauni la rangi ya maziwa, Ruphin na suti, Firmin na tai iliyomkaba. Mimi nilialikwa kama shangazi, nikavaa dera langu jipya, nikanukia udi hadi barabarani. Tulipofika mlangoni nilitazama ukutani kabla ya kitu kingine. Patupu! Matundu ya skrubu tu yamebaki. Nikamtazama Léocadie naye ananitazama, akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya sufuria nikamwona anatabasamu. Wallahi nilijiona nimemwokoa mtu.

Picha zikapigwa. Mpiga picha akawaweka hivi, akawaweka vile, wanakwaya wakapiga vigelegele, wapita njia wakasimama. Mamie alishiba furaha mpaka akamwita mlinzi wa mlangoni, Placide, Mkongomani wa Kalemie, ili naye asifu.

"Mwanangu, hii michoro ya kwetu aliichora nani? Lazima alikuwa mutu mukubwa."

Placide hakuwa na ubaya, maskini. Kaulizwa, kajibu.

"Ni mama mumoja wa Bambuti. Picha yake ilikuwa hapa, kubwa, ni mimi niliibeba kuishusha. Banasema binti yake mwenyewe alikuja kuikataa. Alisema bamutoe na jina."

Mamie akalitazama bati, akakitazama kitenge chake.

"Bambuti?" Halafu akapiga makofi akaangua kicheko, nadhani ili asionekane amefadhaika mbele ya watu wake. "Na mtoto wake amemkana! Amefanya vizuri! Hata ningekuwa mimi, mama wa kutoka porini na meno yao yale ya kuchongwa kama ya panya, ningeacha abandikwe mlangoni watu wamwone?"

Wanakwaya wakacheka. Ruphin akacheka, kidogo. Na Arlène, akiwa ameshikwa kiuno na mchumba wake, mkono mdomoni kwa sababu ya rangi ya midomo, naye akacheka.

Nilimwona Léocadie akimtazama binti yake anacheka. Nilimwona, nikajua, nikasogea nimkamate mkono, nikachelewa.

"Ule mtoto ni mimi," akasema.

Hakupaza sauti. Lakini wote walisikia, kwa sababu kicheko kilikuwa kinaisha.

"Mkwe, acha utani," Mamie akasema.

"Anaitwa Atosha. Amenizaa. Haya yote ni mkono wake."

Mamie akamgeukia Firmin, kama mtu anayetafuta mtu mzima wa kuongea naye. Firmin alikuwa analegeza tai.

"Hatanii," Firmin akasema.

Sitaki kuyarudia yote aliyoyasema Mamie. Alisema ameibiwa, alisema wamemdanganya mbele ya Mungu, alisema mjukuu wake hatazaliwa msituni. Akamshika Ruphin mkono. Ruphin alimtazama Arlène, akamtazama mama yake, akarudi kwa Arlène. "Nitakupigia," akasema, na akaenda, mtu mzima na suti yake, anavutwa. Mlango wa gari ukafungwa. Na wanakwaya nao wakaanza kukusanya mikoba yao wanaondoka, hawamtazami Léocadie usoni, na hapo ndipo mimi nilipochafukwa.

"Mnakwenda wapi?" nikawapigia kelele barabara nzima isikie. "Si mvue basi na vitenge! Mmevaa mkono wa mama yake makalioni, mnaona kinyaa gani tena? Vueni!"

Hakuna aliyevua. Mmoja alijifunga mtandio juu yake, akaharakisha.

Tukabaki sisi wanne na mpiga picha na Placide, ambaye alikuwa anaomba radhi kwa kila mtu, hata kwa mpiga picha. Arlène alikuwa amesimama palepale alipowekwa na mpiga picha, jua la kwenye matundu linamchora gauni lote. Hakulia. Mama yake alimwendea, akataka kumshika, akaogopa, mikono ikabaki hewani.

"Nisamehe, mwanangu. Ndoa yako nimeivunja. Nilikuwa nataka nikufiche tu, na sikuweza. Nisamehe."

Arlène alimpita mama yake. Akavua viatu vile virefu, akavishika mkononi, akasogea hadi kwenye bati, akapitisha kidole katika mstari mmoja mpaka pale unapokatika. Halafu akauliza, na aliuliza kwa Kiswahili, cha kwao cha Ituri, ambacho mimi sikuwahi kumsikia akikitamka:

"Bibi iko wapi?"

Jamani, mimi wiki zote zile nilikuwa najua amekufa. Hakuna aliyeniambia, nilijua tu. Nikamtazama Firmin, Firmin akatazama chini.

"Mama. Iko hai?"

"Sijue," Léocadie akasema.

"Alikufa lini?"

"Sijue, mwanangu." Sasa ndiyo alikuwa analia. "Tangu banichukue kwake, sikurudi. Sikuuliza."